Daftari Nililoshindwa Kulitoa

Kwa miaka tisa nilipima korosho za majirani zangu kwa kopo. Lilikuwa kopo kubwa la bati ambalo nililikata mdomo mwenyewe, na kitako chake nikakigonga kwa mchi mpaka kikavimba kwa nje. Nilijaza mpaka korosho zikafanya kichuguu juu, na zilizodondoka pembeni zilikuwa zangu. Kopo moja tuliliita kilo. Siku moja, nikiwa peke yangu dukani, niliweka korosho za kopo hilo kwenye mzani. Zilikuwa kilo moja na robo na ushee. Niliziondoa haraka, nikaufunika mzani kwa kanga, na sikupima tena.

Mtu wa Mtwara au Lindi ameshajua ninachosema. Kwa wengine nieleze kidogo. Kangomba ni ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kabla mkorosho haujatoa hata ua. Huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, na korosho huokotwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi mwaka unapoisha. Fedha ya korosho haikai. Ikifika Januari ada za shule zimeshaimeza, makopa ya muhogo yameisha darini, mahindi mapya bado yako shambani. Januari, Februari na Machi ni miezi ambayo mtu mzima anaweza kubisha hodi kwako saa mbili usiku, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mama, nisaidie kilo tano za unga. Nitakulipa kopo kumi msimu ukifika." Unampa unga, unaandika jina lake kwenye daftari. Oktoba unakwenda kwake na gunia.

Nilianza kwa huruma, na sisemi hivyo kwa kujitetea. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwetu msimu wa 2007/2008, mkulima alipeleka korosho chama cha msingi cha ushirika, akapewa karatasi, kisha akalipwa kwa awamu. Awamu ya kwanza ilikuja, ya pili ilisubiriwa. Wakati huo nilikuwa nimefiwa na mume, nina watoto watatu na kiduka cha unga, sukari, mafuta ya taa na sabuni, pembeni ya barabara iendayo Kitangari, wilaya ya Newala. Mjane mwenzangu alikuja na karatasi yake ya chama mkononi akilia: mtoto anaumwa na fedha haijaingia. Nilimpa shilingi elfu ishirini. Msimu uliofuata alinirudishia kwa korosho, na nilipoziuza nikaona nimepata zaidi ya mara mbili ya nilichotoa. Sikuwa nimemwomba anilipe kiasi hicho. Lakini mwaka uliofuata nilimwomba. Na mwaka wa tatu nilikuwa nimeshakigonga kitako cha kopo.

Ndivyo dhambi ilivyoingia nyumbani kwangu, imevaa kanga ya msaada. Nilikuwa naitwa mama mwenye moyo. Nilikuwa mweka hazina wa umoja wa akina mama kanisani. Nilitoa fungu la kumi kamili, hata la zile korosho, na mwaka mmoja nilichangia mabati saba ya paa la nyumba ya katekista. Watu walipiga vigelegele. Katika vigelegele vile nilizisikia sauti za wanawake watano ambao majina yao yalikuwa kwenye daftari langu.

Moyoni nilijua. Mtu asidhani wanaoishi katika dhambi hawajui. Bibi mzaa mama alinifundisha Mithali nikiwa mdogo, na ile ya mizani ya hadaa kuwa chukizo kwa Bwana niliijua kwa kichwa kabla sijajua kusoma. Kila nilipolishika kopo nililisikia neno lile. Ndiyo maana kila mwaka niliahidi kuacha.

Niliahidi wakati wa Kwaresima. Sisi Waanglikana wa Dayosisi ya Masasi tuna desturi zetu za tangu wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana kutoka Uingereza: majivu, ubani, kufunga, kuungama kwa padre kabla ya Pasaka. Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu kwenye paji la uso, nikarudi nyumbani nimeapa: mwaka huu sipimi tena. Sasa angalia kalenda. Kwaresima mara nyingi huangukia Februari na Machi, katikati ya njaa yetu. Niliapa katika juma lile lile ambalo watu walianza kubisha hodi. Wiki ya kwanza nilikataa. Wiki ya pili nilisema, huyu ana mtoto mchanga, nikikataa ni dhambi kubwa zaidi. Wiki ya tatu nilikuwa naandika majina matatu kwa siku, jioni nakwenda Njia ya Msalaba, nakaa benchi la mbele.

Nilijaribu kila kitu ambacho mtu anaweza kujaribu kwa nguvu zake. Mwaka mmoja nililificha kopo darini, nikapima kwa bakuli. Mwaka mwingine nilikirudisha kitako ndani, nikasema napima haki, lakini nikashusha bei ya kopo kutoka shilingi elfu moja na mia tano hadi elfu moja na mia mbili. Hesabu ikarudi palepale. Mwaka 2014 nilifunga siku zote arobaini, chakula kimoja kwa siku, bila sukari wala kitoweo, nikidhani mwili ukidhoofika na tamaa itadhoofika. Mwili ulidhoofika kweli. Pasaka ilipopita nilihesabu daftari nikakuta nimeandika watu wengi kuliko mwaka uliotangulia, kwa sababu wakati wa mfungo sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu yeyote, hata na mimi mwenyewe.

Nikaanza kujichukia. Hapo nilikuwa mbali na Mungu kuliko nilipokuwa nikipima kwa raha. Mtu anayejichukia anajiangalia yeye tu mchana kutwa. Nilisali sana wakati ule, na sala zangu zote zilihusu mimi: nimeshindwa, ni mchafu, nitajaribu tena. Sikuwahi kukaa kimya nikamtazama Kristo. Warumi sura ya saba, pale Paulo anaposema lile jema alipendalo halitendi, niliisoma mpaka ukurasa ukachakaa. Sikufungua ukurasa wa pili, ilipo sura ya nane.

Kisha ukaja msimu wa 2018.

Mwaka uliotangulia bei ilikuwa imepanda mpaka watu wakashika kichwa. Minadani korosho ilifika shilingi elfu nne kwa kilo, pikipiki zikanunuliwa, nyumba zikaezekwa. Basi mwanzoni mwa 2018 mimi nilikopesha kuliko mwaka wowote. Oktoba ilipofika mambo yakageuka: bei za mnada zilikuwa ndogo, wakulima wakakataa kuuza, na Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malori ya jeshi yakaja. Na likaja neno moja lililonikosesha usingizi: uhakiki. Anayedai malipo aonyeshe shamba lake. Aliyenunua kangomba halipwi.

Mimi nilikuwa na mikorosho michache niliyoachiwa na marehemu. Korosho nilizokuwa nazo hazikuweza kutoka kwenye miti ile hata miaka mitatu. Nikazigawa kwa majina ya watu, na kilo mia tisa niliziandikisha kwa jina la babu mmoja jirani yangu. Babu huyu alikuwa na mikorosho arobaini hivi, mingi imezeeka. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi, mtu wa kusema kidogo. Alikuwa na deni kwangu la debe mbili za mahindi. Nilimwambia, "Babu, nisaidie tu jina lako, na deni nimelifuta." Alinitazama kwa muda. Akasema, "Haya, mwanangu."

Wahakiki walipofika nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba yake, karibu na kisima cha maji ya mvua. Nilisikia kijana mmoja anauliza, kwa heshima, "Shikamoo babu. Hizi kilo mia tisa zote ni za shamba hili?" Kimya. Kisha nikasikia, "Ni za kwangu na za wanangu." Nilichungulia. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili kifuani, kama anavyoishika akiwa mbele ya altare.

Malipo yalichelewa. Yake yaliingia Februari 2019, kwenye akaunti yake, karibu milioni tatu. Alikwenda benki mwenyewe, akarudi na basi la jioni, akaja moja kwa moja dukani na fedha zimefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Alizihesabu zote juu ya kaunta, noti kwa noti, mate kwenye kidole. Nilimsogezea elfu hamsini. Akazirudisha. Nikasema, basi chukua hata nauli. Akakataa hata nauli.

Nikamuuliza, "Babu, umenikasirikia?"

Akasema, "Hapana, mwanangu. Ila tangu Desemba sijapokea Komunyo. Naogopa kunyoosha mkono."

Akaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha, na alikuwa hana mwavuli. Nilisimama pale na fedha mezani, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa sikujifikiria mimi. Niliwaza mikono yake. Nilikuwa nimedhani dhambi yangu ni ya kwangu, kati yangu na Mungu wangu, tutamalizana. Kumbe nilimkata mzee wa watu kutoka Meza ya Bwana kwa debe mbili za mahindi.

Jumatano ya Majivu mwaka ule ilikuwa tarehe 6 Machi. Nilikwenda, nikapakwa majivu, na sikuapa. Sikuwa na kiapo kilichobaki. Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani na majivu yangu, mtoto akaniuliza kama naumwa.

Wiki ya tatu ya Kwaresima nilikwenda kuungama. Nilisema yote: kopo, kitako, bei, majina, babu. Padre wetu wa wakati ule alikuwa kijana, umri wa mwanangu wa kwanza, na nilitegemea anipe zaburi za kusoma na maneno ya faraja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mama, hilo daftari liko wapi?"

Nikasema, "Liko nyumbani."

Akasema, "Basi nenda kalilete. Nitakusubiri hapa."

Nikamwambia mvua inanyesha, na kwangu ni mwendo wa nusu saa. Akasema ana muda.

Nataka kueleza sawasawa kilichotokea nilipofika nyumbani, kwa kuwa ndicho nilichokaa chini kukiandika. Niliingia chumbani, nikalitoa daftari chini ya godoro. Mwaka ule lilikuwa na majina arobaini na matatu. Nikawaza: nitalipeleka, lakini kuna watu ambao deni lao ni la kweli, la sukari na sabuni, si kangomba. Nikachukua karatasi nyeupe na kalamu nikaanza kunakili majina hayo, ili yasipotee. Nikanakili la kwanza, la pili, la tano. Nilipofika la tisa niliona mkono wangu umeshaandika deni la kopo kumi na nane, la mwanamke ambaye hakuwahi kukopa sabuni kwangu. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe.

Nikaiweka kalamu chini. Nilikuwa njiani kwenda kumkabidhi Mungu dhambi yangu, na huku nyuma nilikuwa natengeneza nakala.

Nililia kwa namna ambayo sikulia hata kwenye msiba wa mume wangu. Miaka yote nilidhani kazi yangu ni kuacha dhambi na kazi ya Mungu ni kunisamehe nikishindwa. Nikabadili kidogo: basi kazi yangu ni kujitoa kwake, yeye ataiondoa. Sasa hapa, sakafuni, niliona hata kujitoa siwezi. Vidole vyangu havifunguki. Nikasema kwa sauti, na maneno yalikuwa haya tu: "Bwana Yesu, siwezi hata kukupa. Njoo ulichukue mwenyewe." Nililisema mara nyingi. Sikuona nuru wala kusikia sauti. Nilichopata ni utulivu mdogo, kama mtoto aliyechoka kupigana anavyolala mgongoni kwa mama yake. Nikaichukua karatasi pamoja na daftari, nikavifunga kwenye kanga, nikarudi kanisani nimelowa.

Padre alikuwa bado amekaa pale pale. Sikuweza kumpa mkononi. Niliviweka benchini kati yetu. Alipoiona karatasi aliniuliza ni nini, nikamwambia. Hakucheka wala hakunilaumu. Alisema, "Hii ndiyo iliyokuwa ngumu," akaiweka juu ya daftari, akanisomea ondoleo la dhambi.

Bibi yangu, yule wa Mithali, alizaliwa Masasi chini ya mlima Mtandi, na alipenda kutusimulia kanisa letu lilivyoanza. Mwaka 1876, miaka mitatu baada ya soko la watumwa la Zanzibar kufungwa, Askofu Edward Steere alitoka huko na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kuwarudisha kuelekea Ziwa Nyasa, ambako wengi wao walitekwa. Walipofika Masasi wakakaa. Walipewa ardhi, wakajenga, wakalima, wakasali. Bibi alikuwa akimaliza hivi: hakuna hata mmoja kati yao aliyeukata mnyororo wake mwenyewe, alikuja mtu akaukata. Akiwa mtoto aliwaona baadhi ya wazee waliozaliwa na watu wale, na alisema walikuwa watu wa kushukuru sana. Niliisikia hadithi hiyo labda mara mia. Niliposoma kwenye Yohana kwamba kila atendaye dhambi ni mtumwa wa dhambi, na Mwana akimweka mtu huru huyo huwa huru kweli, sikuwahi kuviunganisha. Miaka tisa nilikuwa mtumwa nikikata mnyororo kwa meno, na kila Pasaka nilionyesha watu meno yaliyovunjika kama ushahidi wa bidii.

Naheshimu wahubiri, lakini wako wanaosema imani ikiwa kubwa dhambi hukatika usiku mmoja, na aliyerudi nyuma hakuamini. Hilo limewavunja moyo watu wengi ninaowafahamu. Mimi nilijitoa usiku ule wa Machi 2019, na Februari 2020 nilianguka. Alikuja kijana na magunia mawili ya korosho alizokuwa amezificha, anataka kuziuza upesi ampeleke mkewe hospitali Masasi. Nilizinunua kwa bei ya kangomba. Kopo nilikuwa nimeshalitupa, lakini macho yangu yalipima vizuri tu. Alipoondoka nilisikia ile hali ya zamani ikirudi: ni mchafu, nitajaribu tena. Tofauti ilikuwa hapo tu, kwamba sikubaki nayo. Nilifunga duka kabla ya saa sita mchana, nikaenda kwa mama mmoja tunayesali pamoja, nikamwambia kabla sijaanza kujitetea. Jioni ile tulipanda pikipiki wote wawili tukamfuata kijana Mkomaindo, hospitalini, nikamwongezea fedha mpaka ikatimia bei ya mnada. Sikuwa na nguvu ya kufanya hivyo mwaka 2014 na mfungo wangu wa siku arobaini. Nguvu ile naijua kuwa si yangu. Paulo aliwaandikia Wafilipi kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yetu, kutaka kwetu na kutenda kwetu. Hata kule kutaka, kumbe, huletwa na yeye.

Sasa habari ya kurudisha, kwa sababu watu huniuliza. Zakayo alisema atarudisha mara nne. Sikuweza mara nne. Nilifuta madeni yote arobaini na matatu, na fedha za babu nilizigawa kwa wale waliokuwa wamenipa korosho zile, kila mmoja kilo zake kwa shilingi 3,300, nikitoa alichokuwa amekopa. Ilichukua wiki tatu kuzunguka nyumba kwa nyumba. Wengi walipokea kimya, kwa mashaka, kama watu wanaotegwa. Bibi mmoja alinishika mikono akanibariki. Mwanamume mmoja alizitupa fedha uani, akaniambia niende na unafiki wangu. Zikaokotwa na mkewe. Na mama mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Umetubu, vizuri. Mimi Januari nitakopa kwa nani?"

Nyumbani palikuwa na gharama. Duka lilipungua nusu. Binti yangu, aliyekuwa chuo cha ualimu, alikaa nyumbani muhula mzima. Mwanangu wa kwanza alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, akasema, "Mama, umetubu kwa ada ya mdogo wangu." Miezi minane hakupiga tena. Nilimwelewa, na bado nalia nikikumbuka, kwa kuwa alisema kweli: watoto walilipa sehemu ya toba yangu kama walivyokula sehemu ya dhambi yangu. Kujikabidhi kwa Kristo hakukuniondolea hayo. Kulinifanya niweze kuyakaa bila kulirudia daftari.

Swali la yule mama tulilijibu taratibu, na hatujamaliza. Niliomba kuvuliwa kazi ya mweka hazina, wakanivua. Lakini akina mama walikubali kwamba kila mwezi wa Novemba, kabla fedha ya korosho haijayeyuka, kila kaya inayoweza ilete debe la makopa au kibaba cha mbaazi au njugu kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa. Tunapima kwa mzani, mbele ya watu wawili. Januari tunafungua. Anayechukua anarudisha kiasi kile kile akivuna. Kuna mwaka chumba kilijaa mpaka dirishani, na kuna mwaka panya na wadudu walitushinda, ikafika Februari hatuna kitu. Ufunguo sishiki mimi. Niliomba hivyo, na bado naomba hivyo kila mwaka wanapotaka kunirudishia.

Babu alipokea Komunyo siku ya Pasaka, tarehe 21 Aprili 2019. Kabla ya hapo tulikwenda naye kwa padre, tukapiga magoti wote wawili, na nilisema mbele yake kwamba uongo ule nilimpa mimi, aliubeba tu. Yeye akasema hapana, ulimi ulikuwa wake. Tulibishana kidogo pale mbele ya altare, mpaka padre akatunyamazisha. Siku ya Pasaka alikuwa mbele yangu kwenye mstari. Alinyoosha mikono, inatetemeka, na nilimwona padre akiishika kwa chini kwa mkono wake wa kushoto ili mkate usianguke.

Alifariki miaka mitatu baadaye, na tukamzika karibu na mikorosho yake.

Februari iliyopita, usiku, mvua kubwa, nilisikia hodi. Nilijua hodi ile kabla sijafungua mlango. Ina namna yake. Alikuwa mtoto wa yule mwanamume aliyezitupa fedha uani. Kijana wa miaka kumi na tano hivi, amejifunika gunia la plastiki. Akanisalimu, akasimama kimya. Kisha akasema baba hajui kama amekuja, ila nyumbani hawajala tangu jana, na msimu ukifika ataokota korosho mwenyewe alete.

Moyo ulinipiga. Nitasema kweli, hesabu ilipita kichwani, na ilipita haraka: kopo ngapi, kwa bei gani. Nilimwambia asubiri kibarazani. Nikaingia ndani, nikasema yale maneno yangu ya sakafuni, nikachukua tochi na kanga mbili. Tukatoka pamoja kwenda kumwamsha mama mwenye ufunguo.